Milimita moja ya shangazi: kisa cha picha za viza zilizotoka pungufu

Kijana anayewajazia watu fomu za viza mtaani kwetu, hapa Tanga, ana kipande cha plastiki ngumu kinachopitisha mwanga. Juu yake kachora kwa maka peni mstatili mmoja, na ndani ya mstatili mistari miwili ya kulala: wa juu kwa ajili ya utosi, wa chini kwa ajili ya kidevu. Ukimpa picha anaiweka chini ya plastiki, anaisogeza kidogo, anatikisa kichwa kukubali au kukataa, basi. Hana maneno mengi. Za shangazi alizisogeza mara mbili kisha akazirudisha kwenye bahasha.

"Mama, hizi pungufu. Kama milimita moja hivi."

Jioni shangazi akanipigia. Shikamoo yangu aliiitikia kwa haraka kama mtu anayelipa deni. "Milimita moja, mwanangu? Dukani nusu kilo ya unga napunjwa kuliko hapo na ninanyamaza."

Aibu ilikuwa yangu, maana picha nilizipiga mimi na nikazichapa mimi, nyumbani, kwenye printa ya wino ya matangi niliyoinunua kwa ajili ya kazi za shule za watoto. Angeweza kwenda studio, lakini hataki. Mara ya mwisho walimsugua uso kwa kompyuta mpaka akatoka kama bibi harusi, na picha ya viza haitaki uso uliotengenezwa. Kwa hiyo nikajitolea, nikaona ni kazi ya nusu saa. Ilinila siku tatu. Naziandika hapa kwa mpangilio wake, makosa yangu yote yakiwemo, kwa sababu nimegundua watu wengi wanaochapa paspoti saizi nyumbani wanakwama palepale na wanatoka kwa njia mbaya.

Viza yenyewe ni ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Anakwenda Ujerumani kumwona binti yake aliyejifungua. Picha inatakiwa iwe upana wa milimita 35 na urefu wa 45, na uso kutoka kidevuni hadi utosini uwe kati ya milimita 32 na 36. Mimi niliupanga uso uwe 33, nikaona nimejiachia nafasi. Nilipochukua picha moja iliyobaki na rula ya chuma ya mwanangu, upana ulikuwa 34. Urefu uliangukia kati ya 43 na 44, karibu zaidi na 44. Uso ulikuwa 32 juu ya alama, yaani ulikuwa umesimama mlangoni kabisa. Kijana wa fomu alikuwa sahihi, na hata alikuwa mpole.

Nilianza kwa kuishuku picha yenyewe. Nilikuwa nimeipata kwenye kompyuta kupitia WhatsApp, na WhatsApp inakamua picha: hiyo ya simu yangu ya megapikseli 12 ilifika ikiwa na pikseli, yaani vile vinukta vinavyounda picha, kama 1200 kwa 1600. Baada ya kukata mabega na ukuta, kilichobaki kilikuwa pikseli 424 kwa 545. Halafu nikatazama maelezo ya faili nikakuta imeandikwa 72 dpi, yaani nukta 72 kwa kila inchi. Hapo nikajiona nimempata mwizi. Nikakesha nikiibadilisha ile 72 iwe 300, nikachapa tena. Picha ikatoka 34 kwa 43 na ushei. Ileile.

Jambo hili linawapoteza wengi, kwa hiyo nikae nalo kidogo. Picha ya kidijitali haina milimita. Ina pikseli tu. Ile namba ya dpi ndani ya faili ni kama lebo kwenye gunia: inamwambia anayeipokea, "ukikosa maelekezo mengine, panga pikseli 72 katika kila inchi." Ukiitii lebo hiyo kwenye picha yangu ya pikseli 545, inakwenda kuwa na urefu wa sentimita 19 na zaidi. Lakini mimi sikuitii. Nilikuwa nimeiingiza picha kwenye LibreOffice Writer, programu ya kuandikia, na kuiandikia kwa mkono: upana 35 mm, urefu 45 mm. Ukishatoa amri ya milimita, lebo haina kazi tena. Swali linalobaki ni kama pikseli zinatosha kujaza hizo milimita bila uso kuwa na ukungu, na hesabu yake ni nyepesi. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi, milimita 35 zinataka pikseli 413 na milimita 45 zinataka 531. Mimi nilikuwa na 424 kwa 545. Zilitosha, tena na chenji. Hata hivyo nilijitumia upya picha ya awali kama dokumenti badala ya picha, isije ikakamuliwa. Lakini hiyo ilikuwa ni kwa ajili ya kope za shangazi. Vipimo havikuwemo humo.

Kosa la pili nalitaja kwa kupita kwa sababu linachekesha. Niliweka rula juu ya skrini. Nikaikuza picha mpaka "asilimia 100", nikapima kwenye kioo, nikapata 38. Nikaanza kugawanya na kuzidisha. Mke wangu akapita nyuma yangu, akaona mtu mzima anapima kompyuta kwa rula ya mtoto, akaendelea na safari yake ya jikoni. Skrini kila moja ina ukubwa wa pikseli zake, na programu nyingi za kutazamia picha zinapokwambia asilimia 100 zinamaanisha pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. Haina uhusiano na karatasi.

Asubuhi ya siku ya pili ndipo nilipofanya kitu nilichopaswa kukifanya mwanzo. Niliacha kupima shangazi, nikapima printa. Kwenye ukurasa mtupu wa A4 nilichora mistari miwili, mmoja wa kulala na mwingine wa kusimama, kila mmoja milimita 100 kamili. Nikauhifadhi kama PDF, kama nilivyofanya kwa picha, nikaufungua na kuuchapa kwenye karatasi ya kawaida ya daftari la hesabu za nyumbani, nikaweka rula. Mistari yote miwili: 97.

Namba hii ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mstari unaopungua sawa kwa upana na kwa urefu haupungui kwa bahati mbaya. Kuna mtu kaamua. Tena asilimia 97 inasema ni nani. A4 ina upana wa milimita 210. Printa za wino za nyumbani nyingi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni. Huacha kama milimita 3 kila upande ambako wino haufiki. Toa 6 kwenye 210 unabaki na 204. Gawanya 204 kwa 210: unapata 0.971. Programu ya kufungulia PDF ilikuwa imewekwa kwenye neno Fit, ambalo kwa wema wake lilichukua ukurasa wangu mzima, likaubana uingie ndani ya zile 204, na shangazi akabanwa pamoja nao. Zidisha 35 kwa 0.971 unapata 34.0. Zidisha 45, unapata 43.7. Uso wa 33 unakuwa 32. Namba zote tatu zilizokuwa kwenye rula yangu.

Kilichonikera ni kwamba picha zangu zilikuwa katikati ya karatasi. Hakuna hata moja iliyokaribia ukingo. Kwa programu hilo si hoja. Yenyewe haitazami picha, inatazama ukurasa. Ukurasa ukiwa A4 kamili na eneo la wino likiwa dogo kuliko A4, itabana hata kama katikati kuna nukta moja tu.

Sasa, mtu mwenye akili timamu angebadilisha lile neno likawa Actual size, yaani saizi halisi, na kisa kingeishia hapo. Mimi nilifungua faili kwenye kivinjari cha intaneti badala ya ile programu, kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi. Nikachapa. Mstari ukatoka 94. Umezidi kupungua! Nikauchapa tena, 94. Kwa kweli hapo nilitaka kumpigia shangazi nimwambie aende studio wamfanye bibi harusi.

Lakini 94 nayo ina sahihi yake. Karatasi ya Wamarekani, Letter, ina urefu wa milimita 279.4 wakati A4 ina 297. Gawanya: 0.94. Kivinjari kilikuwa kimeachwa kwenye Letter, kama programu nyingi zinavyotoka kiwandani, kikaamini trei ina karatasi fupi, kikaukunja ukurasa wa A4 mpaka uenee humo. Mwenye karatasi ya Letter hapa Tanga sijui atainunua wapi, lakini kompyuta haikuuliza. Kwa picha ya shangazi ingekuwa balaa zaidi: upana 33, urefu 42 na kidogo, uso 31, yaani chini ya kiwango kabisa.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia jirani, kijana mwenye duka la steshenari, mtu mwema na mwenye haraka. Nikamweleza. Akacheka. "Kaka, unajitesa. Wewe ongeza tu. Ikitoka 97 weka 103. Mimi ndivyo ninavyofanya siku zote." Na hesabu inakubali: 0.97 mara 1.03 ni 0.999. Tukaandika picha iwe milimita 36.05 kwa 46.35, tukachapa kwa ile programu ya kwanza yenye Fit, na picha ikatoka 35 kwa 45. Nikampa soda.

Nitaeleza kwa nini sikuikubali dawa hiyo, ingawa ilifanya kazi mbele ya macho yangu. Jioni ileile binamu yangu wa Dodoma, ambaye alikuwa anamsaidia shangazi na karatasi nyingine, aliomba nimtumie faili achape nakala zake. Nikatuma. Printa yake ilikuwa imewekwa vizuri, kwenye saizi halisi. Kwake picha zilitoka zaidi ya 46 kwa urefu. Akanipigia akiniuliza shangazi amenenepa lini. Faili lilikuwa limebeba ndani yake ugonjwa wa printa yangu, na likaupeleka kwa mtu mzima wa afya. Zaidi ya hapo, hata kwangu mwenyewe ile 103 ingedumu mpaka siku ya kusasisha programu au kubadilisha karatasi. Baada ya hapo ningeanza kuwinda upya bila kujua nimefidia nini na wapi. Steshenari inaweza kuishi hivyo kwa sababu ina printa moja, karatasi ya aina moja, na mchapaji yuleyule kila siku. Faili linalosafiri haliwezi.

Nikarudisha picha kwenye 35 kwa 45 zake za haki. Nikafungua PDF kwenye programu yake, nikachagua Actual size, nikahakikisha karatasi ni A4 katika sehemu mbili, kwenye programu na kwenye mipangilio ya printa yenyewe, maana zinaweza kutofautiana na mojawapo ikashinda kimyakimya. Mstari wa kulala: 100. Wa kusimama: 100, au pengine unywele chini yake, kadiri rula ilivyoweza kuniambia. Huo unywele unatokana na magurudumu ya mpira yanayovuta karatasi. Huweza kuteleza kidogo, hasa karatasi ikiwa nzito. Hata ungekuwa nusu milimita kwenye 100, kwenye urefu wa 45 ni robo ya milimita. Mkasi wangu una makosa makubwa kuliko hayo.

Ningesema kazi imekwisha, ila hiyo ilikuwa karatasi ya kawaida. Siku ya tatu nilihamia kwenye karatasi ya picha, ile ya kung'aa ya inchi 4 kwa 6 ambayo mafundi wanaiita 4R. Milimita zake ni 102 kwa 152, takriban. Nikapanga picha nane kama wafanyavyo studio, nne juu na nne chini zikiwa zimesimama: mara nne 35 ni 140, mara mbili 45 ni 90, ukiacha milimita mbili kati ya moja na nyingine zinaenea. Nikachagua kwenye printa karatasi ya sentimita 10 kwa 15. Nikachapa. Picha zikatoka nzuri sana, rangi ya kanga ya shangazi imekolea, na upana wake ni 36.

Safari hii zimezidi! Nikarudi kwenye mipangilio. Kumbe ile 10 kwa 15 niliyoigusa ilikuwa ya kuchapa bila kingo. Ili wino ufike ukingoni bila kuacha uzi mweupe upande mmoja, printa inakuza picha kidogo na kuimwaga nje ya karatasi pande zote. Kwa picha ya harusi hutagundua. Kwa picha yenye kipimo, umeshakosa kabla hujaanza, na hakuna Actual size itakayokuokoa kwa sababu ukuzaji unafanywa ndani ya printa baada ya programu kumaliza kazi yake. Nikachagua karatasi ileile yenye kingo. Nikapunguza picha kutoka nane hadi sita ili zisikaribie ukingo. Nane za nini, wakati fomu inataka mbili? Na nafasi iliyobaki pembeni nikaiwekea ule mstari wangu, safari hii wa milimita 50. Nikachapa. Mstari: 50. Upana 35, urefu 45, uso 33.

Kwa asiyekuwa na rula ya kuaminika (rula za plastiki za madukani nimeshaona mbili zikigombana) kuna kipimo ambacho karibu kila mtu anacho mfukoni. Kadi ya benki ina upana wa milimita 85.6 na kimo cha milimita 54, popote ilipotengenezwa, maana ni kiwango cha kimataifa; vinginevyo mashine za ATM zingezitapika. Chora mstatili wa ukubwa huo kwenye ukurasa wa majaribio, chapa, weka kadi juu yake. Wino ukiwa umefichwa kabisa na kadi, ukurasa umebanwa. Ukiona ukanda mweupe kati ya kadi na mstari, umekuzwa. Macho yanaona tofauti hiyo haraka kuliko yanavyosoma vijistari vya rula.

Kuhusu kukata: sikutumia mkasi tena. Rula ya chuma, wembe mpya, na chini kipande cha kadibodi. Kwenye pembe za kila picha niliweka vijistari vyembamba vya kijivu nje ya eneo la picha, vya kuongoza wembe, na si fremu nyeusi ya kuizunguka kama nilivyofanya mwanzo. Fremu ina unene wake. Ukikata nje yake unaongeza, ukikata ndani unapunguza, na mwisho unabaki na picha yenye mstari mweusi upande mmoja kama tangazo la msiba. Na karatasi ya picha iache ikauke kwanza. Mimi niliweka kidole kwenye paji la uso la shangazi mapema mno, picha moja ikaenda na maji.

Kijana wa fomu akaziweka chini ya plastiki yake. Akasogeza mara moja. Akatikisa kichwa cha kukubali, akazibana kwa klipu kwenye fomu, akamwita mtu aliyefuata. Shangazi alitegemea sifa kidogo zaidi ya hapo.

Siku mbili baadaye akaja na jambo lingine. Ana fremu ya mbao anayotaka kuweka picha ya marehemu mumewe, ya sentimita 13 kwa 18, na picha anayo kwenye simu. "Si umeshajua milimita? Nichapie." Nikadhani ni kazi ileile, kumbe siyo. Picha ya simu ina uwiano wa 4 kwa 3. Ukiipa urefu wa 18 inadai upana wa 13.5, kwa hiyo lazima nusu sentimita ikatwe pembeni, na pembeni ya marehemu alisimama mdogo wake, bega lake likiwa tayari limeishia ukingoni. Ukiilazimisha iwe 13 bila kukata, utamkondesha mzee wa watu. Halafu kuna mdomo wa fremu, ule ukingo wa ndani unaoshika kioo, ambao hufunika milimita kadhaa za picha kila upande; fremu iliyoandikwa 13 kwa 18 haionyeshi 13 kwa 18. Kofia ya marehemu imegusa karibu na juu ya picha. Milimita nne za mbao zingemvua kofia.

Nikamwomba shangazi asinipe vipimo tena. Aniletee fremu yenyewe.